Twahara ya Maji Yanayozungushwa

Swali kama mtu anaweza kuoga josho la janaba ndani ya bwawa la kuogelea limekwisha kujibiwa na mashehe, na jibu lao ni ndiyo. Maji ya bwawa ni mengi, hayakubadilika rangi wala harufu kwa najisi, na dawa kidogo iliyotiwa ndani yake haiyatoi katika jina la maji. Wengi wakishalipata jibu hilo huenda zao. Lakini ndani ya jibu hilo mna jambo zito kuliko swali lenyewe. Maji yale hayakunyesha jana, wala hayabubujiki kutoka chemchemini. Ni yale yale yaliyoogewa juzi na jana, yakafyonzwa na pampu, yakachujwa, yakatiwa dawa na kurudishwa mahali pake yaogewe tena leo. Basi kama ni safi, usafi wake hautokani na asili yake. Unatokana na kazi inayofanywa juu yake usiku na mchana, na kazi hiyo ikisimama kwa siku chache za jua kali, maji yatageuka kijani mbele ya macho ya watu. Ninachoshikilia katika makala haya ni kwamba twahara, ya maji na ya mja pia, si kitu mtu anachokipata akakiweka kibindoni. Ni kazi inayoendelea kushikiliwa. Na vitabu vya fikihi vinavyosomeshwa katika vyuo vya pwani yetu, vikisomwa kwa utulivu, vinasema hivyo hivyo, ingawa waandishi wake hawakupata kuiona pampu.

Tuanze na mtambo wenyewe, kwa kuwa hoja yangu inautegemea. Pampu huvuta maji kwa njia mbili: mdomo ulio ukingoni, unaomeza maji ya juu pamoja na majani, nywele na mafuta ya ngozi yanayoelea, na tundu lililo chini kabisa kwenye sakafu ya bwawa. Kabla ya kufika kwenye pampu maji hupita katika kikapu kinachozuia takataka kubwa, kisha gurudumu lenye mapanga huyasukuma ndani ya pipa lililojaa mchanga wa punje zenye ukubwa wa karibu nusu milimita. Maji hushuka kati ya punje na uchafu hunaswa njiani. Jambo linalostahili kutafakariwa ni kwamba mchanga mpya haukamati vizuri. Ni baada ya uchafu wa mwanzo kuganda kati ya punje ndipo chujio linapoanza kunasa vitu vidogo zaidi, kana kwamba limefunzwa kazi na kile lilichokizuia. Uchafu ukizidi, maji hupita kwa shida na mshale wa presha hupanda. Hapo fundi hugeuza njia ya maji, yakapita kinyume kutoka chini kwenda juu, mchanga ukafumuka, na tope lote likamwagwa nje. Halafu kazi huanza upya. Hata hivyo mchanga hauwezi kila kitu. Hunasa vitu vya maikroni 20 au 30 hivi, na bakteria ni wadogo kuliko hapo mara nyingi. Hao huachiwa klorini, nayo haiui kwa mkupuo mmoja. Klorini ya miligramu moja kwa lita humuua bakteria hatari wa aina ya E. koli kwa muda usiofika dakika moja. Kirusi cha homa ya ini aina ya A huchukua kama dakika 16. Kimelea cha giadia kama dakika 45. Na kimelea kiitwacho kriptosporidio, chenye ganda gumu, huweza kuishi ndani ya maji hayo hayo kwa zaidi ya siku 10.

Sasa tufanye hesabu ambayo wengi hawaijui. Bwawa la lita 400,000 lenye pampu inayopitisha lita 50,000 kwa saa huhitaji saa 8 ili chujio lipitishe maji yenye ujazo sawa na bwawa zima. Mtu angedhani kwamba baada ya saa 8 kila tone limekwisha kuchujwa. Sivyo. Maji yaliyochujwa hurudi bwawani na kuchanganyika na yasiyochujwa, kwa hiyo pampu huvuta tena sehemu ya yale iliyokwisha kuyasafisha. Baada ya mzunguko wa kwanza, takriban asilimia 37 ya maji hayajapita kwenye chujio hata mara moja. Baada ya wa pili hubaki asilimia 14, wa tatu 5, wa nne karibu 2. Kiasi kinapungua kila mara, ila hakifiki sifuri, na katika saa hizo hizo waogaji wanaendelea kuingia na jasho lao, mafuta yao na vumbi la miguu yao. Hakuna dakika ambayo fundi anaweza kusema: sasa limetakata, zima mashine. Bwawa safi ni lile ambalo kasi ya kusafishwa imeishinda kasi ya kuchafuliwa, na ushindi huo ni wa saa ile tu.

Wanafunzi wa Safinatun Najaa, kijitabu cha Sheikh Salim bin Sumeir wa Hadhramaut kilichofunza watoto wa pwani ibada zao tangu karne ya 19, watakumbuka mgawanyo wa maji machache na maji mengi. Machache ni yaliyo chini ya kullatein, na haya hunajisika kwa kuingiwa na najisi tu, hata yasipobadilika. Mengi ni kullatein na zaidi, kadiri ya lita 200 au kupita kidogo kwa makisio ya wengi wa leo, na haya hayanajisiki mpaka yageuke rangi, harufu au ladha. Bwawa la mashindano ya Olimpiki, lenye urefu wa mita 50, upana wa 25 na kina cha 2, huchukua lita 2,500,000, yaani zaidi ya mara 12,000 ya kiwango hicho. Kuna mas'ala mengine ya Kishafii yanayonishughulisha zaidi. Maji machache yaliyokwisha kutumika katika udhu wa faradhi ni safi, lakini hayatwaharishi tena, yametoa kilichokuwamo. Hata hivyo Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, anaeleza katika Minhaj kwamba maji hayo hayo yakikusanywa mpaka yakafika kullatein, kauli iliyo sahihi zaidi ni kuwa yanarudi kuwa maji ya kutwaharishia. Hapa sheria inakiri kwamba maji yaliyochoka yanaweza kurudishiwa uwezo wake, na kwamba twahara huweza kuondoka na kurejea. Ni vigumu kuisoma hukumu hiyo ukabaki na imani kwamba usafi ni sifa inayopotea mara moja tu na milele, au inayopatikana mara moja tu na milele.

Msomaji makini atanizuia hapa. Atasema ninachanganya mambo mawili: usafi wa fundi, unaopimwa kwa vipimo, na twahara ya sharia, ambayo ni hukumu ya Mwenyezi Mungu. Maji ya mto yaliyojaa udongo ni twahiri ingawa ni machafu. Maji ya kikombe yaliyodondokewa na tone la mkojo ni najisi ingawa yanang'aa. Mashine inajua nini kuhusu hukumu? Pingamizi hilo ni la haki, na tofauti hiyo naikubali. Lakini kukubali kwamba mambo ni mawili si kukubali kwamba hayajuani. Mwaka 1978 Baraza la Wanazuoni Wakuu wa Saudi Arabia lilipoulizwa kuhusu maji taka yaliyosafishwa kwa mitambo, halikujifungia na vitabu peke yake. Lilitazama maelezo ya wataalamu, likaamua kwamba maji hayo yakisafishwa kikamilifu hata isibaki athari ya najisi katika ladha, rangi wala harufu, yanakuwa twahiri na yanafaa kwa udhu. Ila ni afadhali yasinywewe, kwa kuchunga afya. Mwaka 1989 Baraza la Fikihi la Makka, lililo chini ya Rabita, jumuiya ya ulimwengu wa Kiislamu, lilifuata njia hiyo baada ya kuelezwa hatua za kazi hiyo: kutuamisha, kutia hewa, kuua vijidudu, kutia klorini. Si wote waliokubali. Sheikh Bakr Abu Zayd alipinga, akisema mifereji ya maji taka imewekwa tangu mwanzo kwa ajili ya kuondoa yanayowadhuru watu, kwa hiyo haifanani na maji mema yaliyoingiwa na najisi. Hoja yake ina uzito na si ya kupuuzwa. Lakini tazama walivyokubaliana waliotoa fatwa: hukumu ni ya sharia, na ushahidi wa kwamba sababu ya hukumu imeondoka ni wa fundi. Kama najisi ni athari, na athari inaweza kuondolewa kwa kazi, basi kazi hiyo imo ndani ya mlango wa twahara.

Tena sharia haikutosheka na kusema athari iondoke; iliuliza imeondokaje. Hapa ndipo ninapowastaajabia mafakihi wa kale kuliko mahali pengine popote. Nawawi anasema maji mengi yaliyobadilika kwa najisi yanatwaharika mabadiliko yakiondoka yenyewe au kwa kuongezwa maji. Lakini kama harufu ilipotea kwa sababu ya miski, au rangi ilipotea kwa zafarani, hayatwahariki. Kwa nini? Kwa sababu hapo hatujui kama uovu umeondoka au umefunikwa. Sasa mtu atauliza: klorini nayo si miski ya siku hizi? Inanuka, nasi tunaposikia harufu yake tunatulia tukidhani bwawa limepona. Kemia inatoa jibu ambalo Nawawi angelipenda. Harufu ile kali inayochoma macho na pua kwa kawaida haitoki kwenye klorini iliyo huru kufanya kazi. Inatoka kwenye michanganyiko inayozaliwa klorini inapokutana na jasho na mkojo wa waogaji. Bwawa lililotunzwa vizuri hunuka kidogo sana, na linalonuka mno linakiri mzigo wake. Kwa hiyo anayeisikia harufu ile akafurahi amesoma alama kinyume. Wala dawa yake si kumimina klorini pasipo kupima, kwa kuwa nguvu yake hutegemea kiasi cha uchachu wa maji: penye kipimo cha pH 7.5 karibu nusu yake iko katika hali ile inayoua vijidudu kwa haraka, na penye 8 hubaki kama robo au pungufu. Hata shabu, ambayo bibi zetu walitumia kutuliza maji ya mtungi na ambayo mafundi bado huitia mabwawani, haiui uchafu; huukusanya ukawa mkubwa kiasi cha kunaswa na chujio, na pasipo chujio hubaki chini ukingoja kutibuliwa. Kuondoa na kuficha ni vitu viwili, katika maji na katika moyo, na ninaamini sehemu kubwa ya dini yetu ya hadharani, mavazi, manukato, maneno matamu ya Kiarabu, imo katika hatari ya kuwa miski juu ya maji yaliyooza.

Kuna pingamizi la pili, nalo linanigusa kwa kuwa limewatesa watu wema. Kama twahara haikamiliki, kama asilimia fulani hubaki kila mara, je, sijawafungulia watu mlango wa wasiwasi? Wapo wanaotawadha mara saba, wanaorudia nia mpaka imamu anarukuu, wanaoshuku kila tone lililoruka. Kuwaambia kwamba maji hayafiki sifuri ni kuwatia kidonda chumvi. Jibu langu ni kwamba wasiwasi haukuzaliwa na anayejua kuwa sifuri haipatikani. Umezaliwa na anayeitafuta. Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111 na aliyekuwa Mshafii, aliandika katika Ihyaa kwamba angependa madhehebu yake yangekuwa kama ya Imamu Malik katika suala la maji, yaani maji hata yakiwa machache yasinajisike ila yabadilike, kwa sababu sharti la kullatein lenyewe ndilo linaloamsha wasiwasi. Akaleta hoja kwamba Makka na Madina zilikuwa miji ya maji haba, na haikupokewa kwamba Masahaba walikuwa wakiulizana jinsi ya kuvilinda vyombo vyao dhidi ya najisi. Na kwamba Sayyidna Umar alitawadha kwa maji ya mtungi wa mwanamke wa Kinasara. Unaweza kuafikiana na Ghazali au ukabaki na kullatein, lakini pande zote mbili zinafanya jambo moja: zinaweka kiwango cha kutosha na kukataza kutafuta zaidi. Fundi wa bwawa naye hufanya hivyo hivyo. Hapimi kama kijidudu cha mwisho kimekufa; hupima klorini, hupima pH, hutazama kama sakafu ya kina kirefu inaonekana wazi, akiridhika huwaruhusu watu waingie, na baada ya saa chache hupima tena. Kurudi kupima kesho ndiko kunakompa haki ya kutosheka leo. Mtu wa wasiwasi anataka kupima mara moja kwa maisha yote, ndiyo maana hawezi kuacha kupima.

Mkristo anaweza kuniuliza kuhusu ubatizo, ambao ni mmoja na haurudiwi, nami sitaki kulikwepa swali hilo, kwa kuwa ni pingamizi kubwa kuliko yote niliyoyataja. Ikiwa neema imemwosha mtu mara moja, kazi inayoendelea inaongeza nini? Lakini Injili ya Yohana, katika sura ya 13, inasimulia Yesu akimwambia Petro kwamba aliyekwisha kuoga hahitaji kuoshwa ila miguu tu. Kuoga hakurudiwi, na miguu ingali inahitaji kuoshwa, kwa sababu mtu ametembea. Kanisa lililoamini ubatizo mmoja ndilo lililoweka pia kitubio. Ama Wayahudi, mwogo wao wa twahara unahitaji sea 40 (sea ni kipimo chao cha kale) za maji ya asili, ya mvua au chemchemi, yasiyobebwa kwa chombo. Na palipofungwa pampu ya kuchuja, desturi ya wengi ni kuizima mtu anapozama, kwa kuwa maji ya mvua yaliyokusanywa yanatakiwa yatulie. Nakiri kwamba hapo twahara imo katika utulivu na si katika mwendo. Hata hivyo pampu ile ilifanya kazi kabla mtu hajaingia na itafanya kazi akishatoka, na anayezama leo atarudi kuzama tena. Utulivu ule umo katikati ya mwendo mrefu.

Sijasema lolote bado juu ya nia, na bila nia hoja yangu ingekuwa pungufu. Mashafii wanasema kuondoa najisi hakuhitaji nia. Mvua ikinyesha juu ya nguo yenye najisi ikaiosha, imetwaharika hata kama mwenyewe amelala. Udhu na josho havisihi bila nia. Kwa mgawanyo huo pampu ina cheo chake halali: inaweza kuyatwaharisha maji, haiwezi kumtwaharisha mtu hata mmoja. Mtu anayerushwa bwawani na rafiki zake akatoka amelowa hana josho. Kinachofuata ni kwamba ulegevu wa sharia kwa maji na ukali wake kwa mtu si mgongano. Maji mengi yanavumiliwa mno. Lakini Mtume amekataza mtu kukojoa katika maji yaliyotuama kisha akaoga humo, na hakuruhusu eti kwa kuwa maji yanazidi kullatein. Hukumu ya maji inanipa utulivu ninapoingia. Makatazo yananibana nisiwe mimi sababu ya kuchafuka kwake. Anayeoga bombani kwanza kabla ya kuruka bwawani anatii makatazo hayo, kwa kuwa sehemu kubwa ya jasho na mafuta ya mwili huishia pale pale badala ya kuila klorini ya wenzake. Na mgonjwa wa kuhara anayeingia majini hawezi kujitetea kwa wingi wa maji. Mtu mmoja mwenye kriptosporidio anaweza kuacha mamilioni ya vimelea, na vichache tu vinatosha kumwangusha mtoto. Surat Najm, katika aya ya 32, inakataza watu kujitangazia utakaso wao, kwa kuwa Mungu ndiye amjuaye aliyemcha. Naielewa hivi: anayejiona amekwisha kutakata ndiye atakayeacha kuoga kabla ya kuingia.

Limebaki jambo ambalo vitabu vyetu vya leo vinalipita haraka, nami naona ndilo linalohitaji fatwa mpya. Chujio haliangamizi uchafu, huuhamisha. Kila linaposafishwa kwa kupitishiwa maji kinyume, bwawa kubwa hutoa maelfu ya lita za maji yenye tope, mafuta na klorini, na maji hayo huelekezwa mahali: shimoni, mferejini, ufukweni, au pembeni mwa kisima cha jirani. Kisha bwawa hujazwa tena maji mapya kufidia yaliyomwagwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2001 kuhusu utalii wa Zanzibar ulikadiria kwamba mgeni mmoja hutumia wastani wa lita 685 za maji kwa siku, bustani na mabwawa ya hoteli yakihesabiwa humo, zaidi ya mara 10 ya matumizi ya mwenyeji wa kijiji cha jirani. Usafi wa bwawa unapimwa ndani ya kingo zake, na mzigo wake unabebwa nje ya kingo hizo. Fikihi ya kale haikuwa bubu kuhusu hili: ilikataza kwa lugha ya laana kujisaidia penye vyanzo vya maji, njiani na kivulini, yaani mahali ambapo haja ya mmoja inawafika wengine, na ilikataza israfu ya maji hata kwa anayetawadha kando ya mto unaopita. Kinachotakiwa ni kuzivuta hukumu hizo mpaka kwenye bomba la kutolea maji ya chujio. Mufti anapoulizwa kama josho la bwawani linasihi, ana haki ya kumuuliza mwenye bwawa maji ya tope yanamwagwa wapi, na kisima cha kijiji kina kina gani mwezi wa Februari mvua zikiwa mbali, kabla hajaandika jibu lake.